Digidigi na Kofia Mbili za Fupa

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na miguu!

Miguu ya nani?

Ya asiyetulia!

Basi tulieni ninyi, maana yeye hatulii. Wewe wa nyuma, acha kutafuna. Nikianza sirudii.

Hapo kale, kale ya juzi juzi tu, wanyama walikuwa na vyuo viwili. Kimoja kilikuwa chini kwenye nyasi, kikiitwa Chuo cha Mbugani. Huko walikwenda wenye mbio. Cha pili kilikuwa juu kwenye mawe, kikiitwa Chuo cha Majabali. Huko walikwenda wenye maswali. Mkuu wa Majabali alikuwa Mwalimu Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia wala makuu. Alijua kazi moja iliyowashinda wote: kuunga mfupa uliovunjika, na kunyoosha ule ulioungana vibaya.

Na palikuwa na Digidigi. Mmemwona digidigi ninyi? Hapiti goti la mtu mzima, na miguu yake ni vijiti vya mshikaki. Lakini akikimbia, ti-ti-ti-ti! Vumbi ndilo linalobaki kusimulia.

Binti huyu alitaka kitu kimoja tu duniani: kwenda Majabali. Mama yake aliwahi kunaswa na mtego wa waya, mguu ukavunjika, ukaungana kombo. Mama akitembea ilikuwa ti-ti-ti-pwa. Ti-ti-ti-pwa. Siku Simba akitokea, mama mwenye pwa hafiki mbali. Digidigi alilijua hilo, na kila akiusikia ule mguu wa nne moyo ulimuuma.

Tatizo lilikuwa Fisi.

Bwana Fisi alikuwa tajiri wa raba. Aliuza raba, jezi, soksi na kofia, na kila kitu kilikuwa na alama ya fupa jeupe. Yeye ndiye aliyekivalisha Chuo cha Mbugani, kuanzia kofia ya kocha mpaka nyavu za goli. Mbugani wakishinda, wanyama walikimbilia dukani kwa Fisi kununua jezi kama ya mshindi. Kwa hiyo Fisi hakungoja washindi wakue. Aliwafuata wangali wadogo. Digidigi alikuwa bado ananyonya pale Fisi alipomletea raba za kwanza, jozi mbili, maana miguu ni minne.

"Za nini, Bwana Fisi?" Mama aliuliza.

"Zawadi tu, mama! Mtoto asichomwe na miiba. Hii-hii-hii!"

Mwaka uliofuata, raba. Mwaka uliofuata, raba na soksi. Mwaka uliofuata, raba na soksi na mwaliko wa Kambi ya Fupa, ambako watoto walikimbia asubuhi hadi jioni huku Fisi akiwapima kwa jicho moja. Kaka yake Mama, Mjomba Funo, naye hakuachwa. Alipewa suti ya michezo, kofia, na cheo: Mshauri Mkuu wa Kamba za Viatu. Mjomba akawa hata kuoga anaoga na kofia.

Siku Digidigi alipomaliza shule, Fisi alikuja mikono mitupu. Safari hii alileta neno.

"Mtoto amekua. Sasa aende Mbugani."

"Mwanangu anataka Majabali," Mama akasema.

"Anataka? Na alipovaa raba zangu alikuwa anataka nini?"

Mjomba Funo akadakia. "Dada, usitutie aibu! Mtu amekulelea miguu ya mwanao, leo unampa mgongo? Majabali kuna nini? Mkono mtupu haulambwi, dada yangu."

Mama akanyamaza. Alikuwa na haya, na raba kweli zilivaliwa.

Lakini Fisi haamini kimya. Alitaka kiapo cha chozi. Ukoo wa digidigi una desturi yake mpaka leo. Chini ya jicho wana kitundu cheusi kinachotoa chozi zito, jeusi pia. Digidigi akitaka kusema hapa ni pangu, hulipaka chozi lile kwenye ncha ya kijiti. Na akiapa, huapa vivyo hivyo. Neno lililopakwa chozi halivunjwi. Anayelivunja hufukuzwa na ukoo mzima, yeye na mama yake.

Ukoo ukakusanyika. Digidigi akausogeza uso kwenye kijiti, na miguu yote minne inamcheza.

"Niseme nitakwenda Mbugani?" akauliza.

Fisi akakunja pua. "Mbugani ni nini? Mbugani ni nyasi! Nani ananunua nyasi? Taja alama yangu, wote wasikie. Sema, nitakwenda chuo chenye fupa."

"Taja fupa, mwanangu!" Mjomba Funo akahimiza. "Fupa!"

Digidigi akatulia. Nasema akatulia, ingawa ni kwa kufumba na kufumbua tu. Kisha akasema, "Nitakwenda chuo chenye fupa."

Akapaka chozi. Fisi akacheka, hii-hii-hii, akaenda zake.

Tangu hapo Digidigi hakuwa na raha. Kukaa hakukaliki, kusimama hakusimamiki, majani hayaliki. Akienda mtoni, anarudi kabla ya kunywa. Mama akapita, ti-ti-ti-pwa, na binti akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Siku ya Kofia ilikuwa inakaribia. Hiyo nayo ilikuwa desturi. Mwenye mbio akiagwa kwenda chuoni, meza huwekwa uwanjani na juu yake kofia mbili, moja ya kila chuo. Anachukua moja, anaivaa mbele ya wote, na kunguru wanaruka kutangaza pande nne za dunia. Kofia ya Mbugani ilikuwa na fupa kubwa mbele. Kofia ya Majabali ilikuwa ya ukindu tu, imesukwa na wanafunzi wenyewe, haina alama yoyote.

Digidigi akaiwaza ile kofia. Akaiwaza tena. Halafu, ti-ti-ti-ti, mpaka dukani kwa Fisi.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Mbona miguu haitulii?"

"Nina wasiwasi, mzee wangu. Siku ya Kofia, mezani kutakuwa na kofia mbili."

"Najua."

"Moja ina fupa."

"Najua."

"Nyingine ni tupu."

"Najua! Tupu, ya ukindu, ya kimaskini! Hii-hii-hii..."

"Kumbe Chui bado hajaiona?"

Kicheko kikakatika. Chui alikuwa tajiri wa raba wa ng'ambo ya mto, na alama yake ilikuwa jicho la njano.

"Chui kafanya nini?"

"Sijui, mzee, mimi nauliza tu. Kunguru wote watakuwepo, na kofia zitakaa bega kwa bega. Yako ina fupa, na ile iko uchi, inangoja wa kuivisha. Lakini mimi ni mtoto, biashara nitaijulia wapi? Kwaheri, mzee."

Ti-ti-ti-ti! Vumbi.

Sasa ikawa zamu ya Fisi. Kukaa hakukaliki, kusimama hakusimamiki, nyama hailiki. Mnamjua Fisi ninyi. Akiona kitu kisicho na alama yake anawashwa mwili mzima, na hapoi mpaka amekitia alama. Akajitwika gunia la raba, akaupanda mlima, fuu, fuu, fuu, ulimi uko nje.

"Karibu, Bwana Fisi," Mwalimu Pimbi akampokea. "Umevunjika wapi?"

"Sijavunjika! Nimewaletea raba!"

"Sisi hatukimbii, mzee."

"Vaeni hivyo hivyo!"

"Nyayo zetu zinanata kwenye mawe. Tukivaa raba tutaanguka."

"Angukeni, lakini mkiwa na raba!"

Pimbi ni wastaarabu, mgeni hawamkatalii. Wakavaa, wakaanguka, pu, pu, pu! Fisi wala hakutazama. Alikuwa anapiga alama. Fupa mlangoni. Fupa ubaoni. Fupa kwenye mtungi wa maji. Na ile kofia ya ukindu akaitia fupa mbele, akaitia fupa nyuma, akaitia moja dogo juu, endapo Chui atapita akiwa juu ya mti.

Siku ya Kofia ikafika. Uwanja ukajaa pomoni. Digidigi hakujua kama chambo kimeliwa, maana meza ilikuwa imefunikwa kitambaa. Kama ile kofia bado ni tupu, basi yamekwisha, kiapo ni kiapo, na mama atabaki na pwa yake mpaka Simba aisikie. Miguu ikacheza mbele, ikacheza nyuma.

Kocha Nyumbu wa Mbugani akafunua kitambaa.

Kofia mbili. Fupa huku, fupa huku.

"Bwana Fisi," Kocha Nyumbu akanong'ona, "mbona zote zina..."

"Nyamaza wewe! Tazama kunguru wanavyotazama! Mafupa tupu! Leo Chui atakufa kwa kijicho. Hii-hii-hii!"

Digidigi akasogea. Mjomba Funo akamwonyesha kwa kidevu kofia ya Mbugani. Digidigi akaipita. Akachukua ya ukindu, akaivaa, ikamfunika masikio yote mawili.



"Kiapo!" Fisi akanguruma. "Umevunja kiapo cha chozi! Ukoo wake uko wapi? Mfukuzeni!"

"Bwana Fisi," Digidigi akasema, na sauti ilikuwa inatetemeka kweli, hakuwa anaigiza. "Niliapa kwenda chuo chenye fupa. Fupa hili kofiani ni la nani?"

"Hilo si... Hilo fupa si lile..."

Hapo Nyani mmoja akasimama. Alivaa jezi yenye fupa, aliyoinunua kwa gunia zima la ubuyu. "Samahani, mzee. Si lile? Kumbe kuna mafupa mengine ya bandia?"

"Na hili langu?" akauliza Ngiri, akijigeuza kujitazama mgongoni.

"Na langu?" akadakia mwingine. "Nirudishie karanga zangu!"

Kunguru wakanyoosha shingo. Fisi akatazama kunguru, akatazama jezi, akatazama ile kofia aliyoitia alama kwa mkono wake.

"Ni... ni langu," akasema. "Lile lile. Hii... hii... hii."

Mpaka leo Fisi anacheka hivyo, na ukisikiliza vizuri hamna furaha ndani yake.

Digidigi akaupanda mlima. Akajifunza kushika, kupapasa, kufunga vijiti vya banzi. Mfupa ulioungana kombo ni sharti uvunjwe tena ndipo unyooke, na siku hiyo Mama aliuma kijiti, naye binti alishika mguu huku analia chozi la kawaida, lile jeupe. Banzi zilipofunguliwa, Mama akakanyaga. Ti. Akakanyaga tena. Ti-ti. Halafu akazunguka mawe yote ya Majabali, ti-ti-ti-ti, ti-ti-ti-ti, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Mngependa niishie hapo, sivyo? Mimi pia.

Mvua za pili zilipokuja, darasa la mifupa lilikuwa limejaa maboksi ya raba. Wanafunzi wapya walikuwa na misuli tu. Ukimuuliza mmoja anataka kusoma nini, anakuuliza saizi yako ya kiatu. Mwalimu Pimbi akamwita Digidigi kando. Alikuwa amevaa kofia yenye fupa, na hakuweza kumtazama usoni.

"Binti yangu, Bwana Fisi anauliza utaanza kukimbia lini. Unajua, paa jipya ametujengea yeye."

Digidigi akainua macho kwenye paa. Fupa lilikuwa kubwa kuliko chuo. Na yeye ndiye aliyelileta, kwa ujanja wake mwenyewe, kwa ajili ya mama yake. Hilo lilimuuma, kwa sababu kama angelazimika kulifanya tena, angelifanya.

Akavua raba, moja, moja, moja, moja, akazipanga mlangoni.

"Unakwenda wapi? Na kiapo?"

"Niliapa kwenda, mwalimu. Sikuapa kukaa."

Na ndiyo sababu mpaka kesho digidigi hatulii. Utamkuta kichakani na mama yake, pekupeku, anakula kidogo, anatazama nyuma. Jani likitikisika, anaruka. Mnadhani anaogopa Simba? Anaogopa mtu anayekuja na zawadi.

Hadithi imevua viatu, imelala. Kama ni tamu, gawaneni. Kama ina chachu, nirudishieni niitie sukari.

Na fundisho lake ni hili, watoto wazuri. Ukipewa viatu, vaa. Sema asante. Usiulize vinaelekea wapi, maana mwenye kutoa hutoa kwa moyo safi, na tajiri hajawahi kumtaka maskini kitu.

Nani anacheka? Wewe wa nyuma, una nini?

Kofia yangu? Ina nini kofia yangu?

Hili si fupa. Hili ni ua. Nyamaza, nimeivaa kwa jua kali.