Mwalimu Sikudhani na Mikono Iliyofungiwa

— Mpo?
— Tupo.
— Mmekaa?
— Tumekaa.
— Nina neno chungu mdomoni. Nilimeze au niliteme?
— Liteme, tulionje.

Basi hapo kale, wala si kale ya majitu na masultani, kale ya juzijuzi, kompyuta zilipokuwa na visogo vikubwa kama majungu, palikuwa na mwalimu mmoja katika mji ulio chini ya milima ya Uluguru. Jina lake Sikudhani. Alifundisha shule ya watoto viziwi. Watoto ishirini na wawili, ubao mmoja, na vitabu vyenye picha za mikono iliyosimama. Sasa niambieni, mkono uliosimama unamfundisha nini mtoto asiyesikia? Lugha yake ni mwendo. Ukimwonyesha kiganja kilichotulia, umempa nusu ya neno.

Na katika mji ule alikuwapo fundi cherehani, Mzee Mloka, kiziwi tangu kuzaliwa. Yeye ndiye aliyekuwa na maneno. Alama za viziwi wa milima ile, za kulima, za kuoa, za kuzika, hazikuwa katika kitabu chochote. Zilikuwa vidoleni mwake. Wa rika lake waliozijua walikuwa wamekwisha kufa.

Siku moja akaja bwana mmoja amevaa shati jekundu lenye nembo kifuani. Akajitambulisha kuwa anaitwa Hizza, wakala wa kampuni. Akaeleza kwamba kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, peke yake hakina uhai. Kinaonyesha maandishi na picha zilizolala. Lakini ukikipachika kiprogramu kidogo kiitwacho Zumari, kurasa zinaamka. Mtoto anabofya neno, mkono unacheza mbele yake. Anaiga. Akikosea, anabofya tena.

Sikudhani akauliza kama kitu hicho kitadumu. Hizza akaweka kiganja kifuani, juu ya nembo.

"Mwalimu, jifunze hiki. Hiki ndicho kitakachobaki."

Akajifunza. Kila alasiri Mzee Mloka alifunga cherehani yake, akaja shuleni, akaketi juu ya kigoda. Yeye anaonyesha, mwalimu anachora humo humo ndani ya Zumari. Anaonyesha tena, mwalimu anachora tena. Neno moja picha kumi na mbili. Mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mwaka wa tatu. Maneno mia sita.

Na jamani, ilifanya kazi. Alikuwapo mtoto mmoja, Yusta, wa miaka saba, mwanawe muuza vitumbua. Mama yake alikuja shuleni unga ungali mikononi, akakaa mbele ya kompyuta, akabofya. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu amzae, akamuuliza binti yake kama amekula. Yusta akajibu kwamba bado. Mama akalia mpaka darasa zima likageuka kumtazama.

Mngedhani hadithi inaishia hapo. Haiishii hapo.

Hizza akarudi. Safari hii shati la bluu. Alikuwa ameiacha kampuni ya Zumari na sasa anawatumikia washindani wao, waliotengeneza kiprogramu chao kiitwacho Kioo. Kampuni zile mbili zilikuwa zikigombea kila kompyuta nchini. Hizza alikuwa ametoka moja kwa moja ofisi ya elimu, na ofisi imekwisha kukubali: kompyuta zote za shule zipachikwe Kioo, Zumari iondolewe, kwa kuwa viwili hivyo vikikaa pamoja mashine zinakwama.

Sikudhani akauliza kama Kioo kitaweza kufungua yale maneno yake mia sita. Akaambiwa hapana, kila kimoja kina lugha yake. Itabidi aanze upya, kwa zana za Kioo.

Akamtazama yule bwana usoni, akataka kukataa. Lakini watoto walikuwa ishirini na wawili, na barua ya ofisi ilikuwa mezani.

"Mwalimu, jifunze hiki," Hizza akasema. "Hiki ndicho kitakachobaki."

Akajifunza. Mzee Mloka akaitwa tena, akaketi tena juu ya kile kigoda. Ila sasa alikuwa amepigwa na kiharusi, mkono wa kushoto haupandi. Maneno ya mikono miwili akawa anayaonyesha nusu, na nusu nyingine anaieleza kwa macho. Mwalimu anakisia, mzee anatikisa kichwa, si hivyo. Anakisia tena, si hivyo. Anakisia mara ya tatu, mzee anafumba macho kwa uchovu. Mwaka, na mwaka mwingine, na mwaka mwingine. Yakapatikana maneno mia nne. La mia nne na moja halikupatikana, kwa sababu Mzee Mloka alifariki wiki ya mitihani, akazikwa na watu ambao hawakujua jina lake lilionyeshwaje kwa mikono.

Nisikilizeni sasa, hapa ndipo penyewe.

Jumatatu moja Sikudhani akaingia darasani, akawasha kompyuta. Zilikuwa zimejisasisha zenyewe mwisho wa juma. Akafungua ukurasa. Palipokuwa na mikono pana kisanduku cha kijivu, na maneno: Kipachiko hiki hakitumiki tena. Akajaribu ya pili. Kijivu. Akajaribu ya tatu. Kijivu. Watoto walisimama nyuma yake wakimgonga begani, wakiuliza mikono imekwenda wapi.

Wenye vivinjari walikuwa wamechoka na ugomvi ule, wakaamua kuvikataa vipachiko vyote. Zumari nje, Kioo nje. Na aliyetumwa na ofisi kuja kuwaeleza walimu habari hiyo alikuwa Hizza, shati jeupe, halina nembo. Akasema siku hizi kivinjari kinajitosheleza, kinachezesha picha chenyewe, na mafunzo yanaanza wiki ijayo.

Sikudhani akaomba kitu kimoja tu: aachiwe kompyuta moja yenye kivinjari cha zamani. Faili zake zilikuwa nzima. Hakuna hata moja iliyoharibika. Kilichokosekana ni cha kuzifungulia. Hizza akasema ofisi haitakubali, maana vipachiko vile vilikuwa na matundu na wezi wa mtandaoni walikuwa wakipitia humo tangu mwanzo.

"Tangu mwanzo? Na wewe ulijua?"

"Kila mtu wa kazi hii alijua."

"Umekuja hapa mara mbili ukaniambia kitabaki."

Hizza akakunja karatasi zake taratibu. Hakuwa mtu katili, nataka mjue hivyo. Alikuwa amechoka tu, ana safari ya shule nyingine.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikuwa nauza. Wewe ndiye uliyekuwa unaamini."

Sikudhani hakwenda kwenye mafunzo. Alirudi kwenye ubao, akafundisha kwa mikono yake mwenyewe, kwa yale anayokumbuka. Mwezi huu anakumbuka hiki, mwezi ujao kimechuja. Hizza mwaka ule alipewa cheti na ofisi, kwa kuleta teknolojia mashuleni.

Yusta akafika miaka kumi na sita. Akapata nafasi ya chuo cha ushonaji Dodoma. Siku ya kuondoka alikuja darasani, akamwomba mwalimu amwonyeshe jinsi Mzee Mloka alivyokuwa akiaga watu.

Sikudhani akainua mikono. Ikasimama hewani. Alikumbuka kwamba inaanzia kifuani. Lakini baada ya hapo inashuka, au inakwenda kwa yule anayeagwa? Kiganja kinatazama juu, au chini? Alitafuta mwilini mwake mwote na hakukuta kitu.

Yusta alikuwa akimtazama, anangoja.

Mwalimu akachagua. Akaipeleka mbele, kiganja juu. Yusta akaiga mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka ikamkaa vizuri, akatabasamu, akawageukia watoto na kuwaaga nayo. Darasa zima likaipokea, mikono yote ikapanda pamoja, ikamrudishia. Sikudhani naye akainua wake, akaagana nao kwa neno lile ambalo pengine halikuwapo kamwe.

— Nimeteremsha mzigo. Mmeupokea?
— Tumeupokea.
— Ni mzito?
— Mzito.
— Basi tugawane uchungu wake, kila mtu aende kwake na fungu lake.