Pimbi Aliyetetemeka

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa tena, wa nyuma wamelala!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, pimbi waliishi kwenye mwamba mkubwa. Mlinzi wao alikuwa Mwanamize. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, naye alijivuna kwelikweli. Akimwona tai hupiga mbinja: fiii! Pimbi wote, hata mwenye jani mdomoni, hulitema na kuingia pangoni, vup!

Siku moja akaja Nyani na mchezo wake. Alijibandika manyoya, akajifanya tai. Mwenzake akajifanya pimbi. Nyani akamrukia, pu! Mwenzake akalia, "Fiii! Nakufa!" Komamanga alilolificha kwapani likapasuka, maji mekundu yakatiririka kama damu.

Kitunda, mwana wa Mwanamize, hakula siku ile. Alitetemeka hadi meno yakagongana, ka-ka-ka. Kesho yake akachungulia. Kesho kutwa akacheka. Haukupita muda, yeye ndiye aliyekaa mbele akipiga kelele: "Leo damu kiduchu! Ongeza, Mjomba Nyani!"

Mwanamize akashuka, akamjia juu. "We Nyani, unawafunza nini watoto?"

"Dada, ni komamanga tu. Onja. Nani kaumia?"

Akaonja. Tamu! Akacheka, akarudi zake juu ya mwamba. Jamani, hapo ndipo alipokosea.

Basi siku moja, jua likiwa la utosi, akaja tai. Tai wa kweli! Mwanamize akapiga mbinja: fiii! Wakubwa wote, vup, pangoni. Watoto wakabaki wamekaa, wanapiga makofi. Tai akamnasa Kidawa, rafiki wa Kitunda wa kula naye jani moja.

"Kitunda, nishike!" Kidawa akalia.

"Leo Kidawa anaigiza vizuri!" akasema Kitunda, akacheka, kwa-kwa-kwa.

Mwanamize akaporomoka toka juu, akamng'ata tai mguu. Tai akavuta, Mwanamize akavuta. Damu ya Kidawa ikaruka, ikamdondokea Kitunda mdomoni. Akailamba, akingoja utamu.

"Mama! Hii ina chumvi!"

Hapo ndipo alipokisikia kilio. Akaruka, akamshika Kidawa, akavuta, akapiga mbinja ya ukoo wao: fiii! Watoto wenzake wakashtuka, wakaja mbio. Jino hapa, jino pale! Tai akaona hayawi, akamwachia Kidawa, akaruka zake.

Kidawa alipona, akabaki na kovu mgongoni. Nyani akacheka kutoka mtini. "Mwanamize, mtazame mwanao! Anatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Mwoga huyo!"

Mwanamize akamtazama Kitunda. Meno yanagongana, ka-ka-ka. Mama akatunisha kifua, akapaza sauti mwamba mzima usikie: "Ndiyo, anatetemeka! Mwanangu anatetemeka!"

Na alipozeeka, ulinzi alimwachia huyo huyo.

Basi wanangu, nanyi wazazi msijifanye hamsikii: jicho likizoea damu ya mchezo, sikio hukiacha kilio cha kweli kipite. Hadithi yangu imeishia hapo. Wa nyuma amkeni, tukalale.