Ukelele wa Sungura wa Mawe

Acheni kushikana hivyo. Ule ukelele mliousikia mlimani si wa jini, ni wa sungura wa mawe. Kaeni, niwaambie ulikotoka.

Enzi hizo sungura huyu hakuishi kwenye mawe. Alikaa mbugani kwenye majani marefu, mkia wake mweupe pe, na hakuwa na sauti. Mkubwa wao, Mzee Chilongani, alikuwa amekataza katakata: hatari ikija, lala chini, ziba mdomo, usitikisike. Atakayelia amewauza wenzake, na atafukuzwa. Na kweli, tai alipita juu asione hata sikio.

Sungura mmoja jike, Mkami, alikuwa na watoto watatu, na aliwafundisha kweli kweli. Kifungua mimba wake, Masika, ndiye aliyeshika zaidi. Hata nzi akimtua usoni hakupepesa jicho. Mama mtu alijisifia kila alikopita.

Kiangazi kimoja wafugaji wakachoma majani ili nyasi mpya ziote. Mkami alikuwa juu miambani akitafuta chakula. Akauona moto ukija, upepo ukiusukuma. Akangoja wenzake watimke. Loo! Hakutimka mtu. Wamelala kimya, kama walivyofunzwa. Moto una macho gani hata mtu ajifiche usimwone?

Mkami akawaza. Akilia, atafukuzwa. Asipolia, wanawe wataungua. Akafungua mdomo, ikamtoka sauti ambayo hata yeye ilimtisha.

"Wanangu, kimbieni! Njooni huku kwenye mawe!"

"Nyamaza, we mwanamke! Unatuua!" Chilongani akamkaripia kutoka majanini. Hilo likawa neno lake la mwisho, maana moto ulimkuta palepale alipolala.

Wale wadogo wawili, ambao mafunzo yalikuwa hayajawakaa sawasawa, wakaifuata sauti mbio. Mkami akashuka kuwapokea, akawasukumia kwenye ufa wa jabali. Moto ukamlamba mkia, ukawa mwekundu kama kutu, ncha nyeusi tii.

Masika hakuja. Mama yake akaita, akaita mpaka mbuga nzima ikawa majivu.

Na tangu siku hiyo sungura wa mawe habanduki miambani, na mkia wake haujawa mweupe tena. Akishtuka kidogo tu hupiga ukelele, na hata hatari ikishapita hanyamazi upesi. Anamwita yule mwanawe aliyemfundisha mwenyewe kukaa kimya.