Saa ya Mkono Uliokufa

Makuka, tajiri wa mashamba, aliingia barazani mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mkono wa kushoto ukining'inia kwenye kitambaa shingoni, akadai apewe ng'ombe wa pekee wa Bi Mwanatumu. Eti ng'ombe huyo alimpiga teke, na sasa ni wiki mbili mkono umekufa kabisa, haufukuzi hata nzi.

Bi Mwanatumu hakubisha. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya dhahabu iliyochungulia kitambaani.

"Pole, bwana. Saa nzuri hiyo! Betri zake zapatikana?"

Makuka alicheka. "Betri ni za saa zenu za mnadani."

"Kumbe huitia ufunguo kila asubuhi."

"Ufunguo ni wa saa za babu zako! Hii chakula chake ni mtikisiko wa mkono. Ikikosa siku tatu, inasimama."

"Na huivui?"

"Hata kulala. Wala haiguswi na mtu saa hii."

"Basi tuambie, sasa ni saa ngapi?"

Makuka aliinamisha shingo kwa maringo. "Saa nne na robo."

Bi Mwanatumu aliitazama saa ya ukutani, akatikisa kichwa kukubali, akaenda mlangoni kufungua kamba ya ng'ombe wake.

"Mwenyekiti," alisema, "mkono umekufa wiki mbili. Saa imeshibia wapi?"