Sanduku la Bibi Eufemia Halijafunguliwa

Mungu anisamehe, hadithi hii niliisimulia juzi kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu, nikamtoa mtu mmoja. Nilimtoa Damari, kwa sababu tulikuwa tumenuniana juu ya sufuria yangu kubwa. Leo namrudisha mahali pake. Sikilizeni basi, wote watatu wamo.

Hapo zamani, na msinicheke, zamani yenyewe ni kabla ya Krismasi iliyopita, palikuwa na mjane mmoja huku Muheza, Bibi Eufemia, mwenye michungwa nyuma ya nyumba na magoti yanayolia akisimama. Siku moja baada ya ibada akawaambia wenzake wa Umoja wa Mama, "Mwaka huu machungwa yamenibariki. Nakwenda Uturuki kushika theluji."

"Na nani?"

"Na magoti yangu."

Wakacheka mpaka mmoja akadondosha kitabu cha nyimbo. "Eufemia wee! Theluji si iko Kilimanjaro? Panda basi la Moshi!"

"Ya Kilimanjaro mpaka uipande. Kule inashuka yenyewe mpaka mlangoni. Mungu ameumba kitu hicho, nami naimba habari zake kanisani tangu msichana, wala sikijui. Akiniuliza, nitamjibu nini?"

Bibi Eufemia akakaza kanga, akaenda zake.

Mwanawe wa pekee, Simeoni, alipopata habari alikuja mbio. "Mama, Uturuki! Juzi tu umepotea Tanga mjini. Ulikwenda sokoni ukatokea stendi."

"Sikupotea. Nilikuwa natazama."

"Una miaka sitini na nane!"

"Ndiyo maana nina haraka."

"Basi mimi simo. Hata begi sikubebei."

Bibi Eufemia akakaza kanga, akamwandalia chai.

Sasa aje Damari. Huyu ni jirani, amepanda ndege mara moja kwenda Mwanza, na tangu arudi hajanyamaza. "Shoga yangu," akasema, "safari inafanyiwa mazoezi." Akamkalisha Bibi kwenye kiti tangu asubuhi, kamfunga kanga kiunoni. "Huu ndio mkanda. Fungua. Funga. Sasa choo cha ndege: kojoa ndani ya chumba kidogo kama kabati." Akamburuzisha sanduku tupu kuzunguka soko lote, watu wakiuliza, "Bibi, unahama?" Akampeleka kwa muuza samaki, akamtumbukiza mikono ndani ya friza. "Sali Baba Yetu mpaka Amina, ndipo utoe." Mara ya kwanza Bibi alifika kwenye mkate wetu wa kila siku, akatoa. Baadaye akawa anafika Amina bila kutetemeka.

Sasa aje Nakijwa, mke wa Simeoni. "Mama," akamwambia mkwewe, "friza ni nzuri, lakini wale watu wanataka viza." Akaishughulikia viza. Akatafuta tiketi. Akapata nyumba ya wageni ya mama mmoja mjane, akapiga simu mara kwa mara mpaka akaridhika kwamba mwenye nyumba ni mtu wa heshima. Jina la nyumba ile na mtaa wake akamshonea Bibi kwa uzi mwekundu ndani ya koti, ili akipotea alifungue tu, aoneshe. Simeoni alipojua, alimnunia mkewe Majilio yote. Walikuwa wanaongea kupitia kwa watoto. "Mwambieni mama yenu chumvi imezidi." "Mwambieni baba yenu apike yeye."

Siku ikafika. Damari na Nakijwa wakamsindikiza Bibi mpaka Dar es Salaam, uwanja wa ndege. Simeoni akabaki nyumbani. Na pale mlangoni, ndugu zangu, Bibi Eufemia akakaa juu ya sanduku lake.

"Miguu haina nguvu," akasema. "Turudini."

Damari akasali kwa sauti mpaka askari akamtazama. Nakijwa akabembeleza, akalia. Bibi habanduki. Mara simu ikaita. Simeoni.

"Mama, rudi tu. Nimekuchemshia ndizi. Nilijua hutaweza."

Bibi Eufemia akainuka. Akakaza kanga juu ya koti. "Ndizi hizo kula mwenyewe," akasema, akaburuza sanduku, akaingia ndani bila kugeuka.

Theluji akaishika. Akapiga magoti juu yake barabarani, akaonja, akasema, "Bwana, kumbe ni laini!" Alipotea kweli, akafungua koti, akaoneshwa njia. Akarudi salama, anang'aa.

Sasa kuna desturi mtaani kwao. Mtu akitoka mbali, sanduku halifungui mwenyewe. Analifungua yule aliyempa miguu ya kwenda, mbele ya watu wote, na jina lake linatajwa kanisani kwenye shukrani. Hakuna anayekubali kuikosa heshima hiyo.

Damari akasimama. "Bila mimi angeganda mlangoni mwa ndege. Miguu nilimpa mimi."

Nakijwa akasimama. "Bila viza angekuwa anazunguka soko mpaka leo. Nimenuniwa Majilio yote kwa safari hii. Miguu nilimpa mimi."

Simeoni naye akasimama, watu wakaguna. "Mlikuwepo nyote wawili. Mmesali, mmelia, mama amekaa kama kuku aliyeatamia. Nani alimwinua?"

"Ulimdharau!" Damari akapiga kelele.

"Namjua mama yangu. Ukimwambia nenda, anakaa. Ukimwambia kaa, anakwenda. Nilisema makusudi."

"Makusudi?" Nakijwa akauliza taratibu. "Niliporudi nilizikuta zile ndizi, Simeoni. Zilikuwa za watu wawili, wewe na mama."

Simeoni akaangalia viatu vyake. Lakini hata waliomcheka walijua, aliyeinuka aliinuka kwa neno lake.

Padre alipoulizwa, akakumbuka ana mgonjwa wa kutembelea. Bibi mwenyewe alipoulizwa, akakaza kanga, ya kuazima hiyo, zake zimo sandukuni. "Nikimtaja mmoja, wawili watanuna, na hao watatu ndio watu wangu. Desturi ni yenu. Amueni."

Basi sanduku liko sebuleni, limefungwa mpaka leo, na kila apitaye anaulizwa. Je, nani alistahili kulifungua: aliyemzoeza, aliyemwandalia, au aliyemchokoza? Naomba unijibu leo hii, ndugu yangu. Miwani yake ya kusomea imo humo ndani, na Jumapili zamu ya kusoma somo ni yake.