Bastola Ndogo ya Mzee Luvanda

Hadithi hii nimeipokea kwa mtu ambaye naye aliipokea kwa mwingine. Haichukui muda. Isome ukiwa umekaa, halafu mpelekee yule unayemwona siku hizi amechoka na hasemi kwa nini.

Mzee Tito Luvanda alikuwa mfanyabiashara wa mbao huko Mafinga. Alikuwa na yadi moja kando ya barabara kuu, na mashine mbili za kupasua magogo. Watu walimpenda kwa sababu alipima mbao kwa haki na hakuwa na makelele.

Siku moja, saa tisa mchana, wanaume watatu wenye makoti na kofia walishuka kwenye gari, wakaingia yadini wakijifanya wanunuzi. Waliulizia mbao za kenchi, za kuezekea paa. Alipoinama kuwachagulia, mmoja akamsukuma, wakamlaza kifudifudi kwenye maranda. Mwingine akamkanyaga shingoni na kumwambia asipumue kwa nguvu. Wakachukua walichotaka, wakaondoka bila haraka, kama watu waliomaliza kazi yao.

Hawakumuumiza sana. Kilichomuuma ni kwamba wafanyakazi wake wote walikuwa wamesimama pale wakimtazama, naye alikuwa na maranda mdomoni.

Jioni mke wake, Mama Oliva, alimuuliza, "Walikufanya nini?"

"Hawakunifanya kitu. Yameisha."

Hayakuwa yameisha. Tangu siku ile Mzee Luvanda hakupata usingizi wa maana. Gari likisimama barabarani, alizima mashine akachungulia. Mteja akija na kofia, alimwachia mfanyakazi amhudumie. Baada ya miezi kadhaa aliomba kibali cha kumiliki bastola. Alihojiwa, akajaza fomu, akazungushwa huku na huku, mwishowe akakipata. Nyumbani hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba hataki kumtia mke wake hofu.

Akapanda basi hadi Mbeya, kwenye duka la silaha. Muuzaji alikuwa mama mmoja mnene, mwenye miwani, aliyestaafu jeshini baada ya kukaa miaka mingi kwenye bohari ya silaha. Wateja walimwita Afande Ndimbo.

"Unataka ya kuweka ofisini au ya kutembea nayo?" aliuliza.

"Ya kutembea nayo, Afande. Kila siku. Na mtu asijue."

Yule mama akatandika kitambaa juu ya meza, akaweka bastola tatu.

"Hii kubwa inajaa mkononi, na risasi inakwenda unakoitaka. Lakini ukiivaa na shati utaonekana umeficha mkate. Hii ya kati ndiyo ningekupa wewe. Ukivaa koti haionekani, na mkono utaizoea. Hii ndogo inalala kiunoni kama simu. Lakini ni ngumu kulenga nayo, inaruka mkononi. Tena inakaa karibu na mwili, jasho lote ni lake. Kila wiki uifungue, uifute, uipake mafuta."

"Nipe hiyo ndogo."

"Mke wako anajua?"

"Hajui."

Afande Ndimbo akavua miwani. "Sasa utakuwa unaisafishia wapi, baba?"

Mzee Luvanda akacheka kidogo. "Mwanaume hakosi mahali."

Yule mama hakucheka. Alimfundisha namna ya kuishika, akampeleka uwanja wa shabaha afyatue risasi kumi, kisha akamwandikia karatasi zake.

Miaka miwili ikapita.

Watu wanadhani kubeba bastola ni kubeba nguvu. Mzee Luvanda alibeba kazi ya pili. Asubuhi aliivaa akiwa amejifungia msalani. Shati halikuingia tena ndani ya suruali. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na ukuta, mtu asimguse ubavuni. Kwenye misiba alikataa kuketi mkekani na wenzake, akasimama nje akisingizia mgongo. Binti yake Oliva alipokuja na mtoto mchanga, alimpakata kwa mkono wa kushoto tu, dakika mbili, akamrudisha. Oliva akamuuliza mama yake, "Baba hampendi mwanangu?"

Usingizi nao haukurudi. Alikuwa ameinunua ili apumzike, na sasa alikuwa na vitu viwili vya kuangalia: wezi, na yeye mwenyewe asije akagundulika.

Halafu siku moja, kabla ya saa sita mchana, alitokea tena dukani kwa Afande Ndimbo. Alikuwa amekonda. Akaiweka bastola juu ya meza na kuketi bila kukaribishwa.

"Imegoma," alisema.

"Imegoma vipi?"

"Nimevuta, haikulia."

Afande Ndimbo akatoa risasi, akaifungua ile bastola kipande kimoja kimoja. Kila alichokitoa kilikuwa chekundu kwa kutu. Akaigusa kwa ukucha pini inayogonga risasi. Ilikuwa imeganda mahali pake.

"Hii haijaona mafuta tangu nilipokupa."

"Sikupata mahali pa kuisafishia."

Yule mama akatikisa kichwa. Alikuwa ameshasikia habari za namna hiyo, na zilikuwa zimemchosha. "Pole sana, baba. Mtu anakuja kukudhuru, unavuta, chombo kinakuangusha. Mungu tu kakusaidia. Huyo mwizi alikimbia?"

Mzee Luvanda akatazama mikono yake.

"Hakuwa mwizi," alisema. "Alikuwa mke wangu."

Kisha akaeleza, polepole, kama mtu anayeshusha mzigo kipande kipande.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mvua ikinyesha. Alirudi kutoka yadini mapema akapitiwa na usingizi kwenye kochi. Mama Oliva alikuwa ametoka kuanua nguo, amevaa koti kubwa la mume wake na kofia yake ya sufu kwa ajili ya baridi. Akaingia, akamwona mzee amelala vibaya, akamshika bega ili amwekee mto. Mzee Luvanda akafumbua macho, akaona koti, kofia na mkono. Kabla hajajua anachofanya, bastola ilikuwa tumboni kwa mke wake, na kidole kilikuwa kimeshavuta.

"Amesema nini?" Afande Ndimbo aliuliza.

"Amesema, 'Ni mimi, Baba Oliva.' Basi. Akaweka mto pale kwenye kochi, akaenda jikoni. Leo siku ya nne, ananipa chakula, ananisalimia, lakini hilo halisemi. Na mimi silisemi."

Afande Ndimbo akakusanya vile vipande kwenye kitambaa. "Nikutengenezee?"

"Hapana. Niambie inavyorudishwa."

"Inarudishwa polisi, na kibali chake. Hilo ni jepesi." Akakifunga kile kitambaa. "Lakini hukusafiri mpaka hapa kwa ajili ya pini, baba. Mimi ni muuza duka. Haya maneno uliyoniambia mimi yana mwenyewe."

Mzee Luvanda akakichukua kile kitambaa, akapanda basi la kurudi. Alifika nyumbani jua likiwa bado lipo. Mama Oliva alikuwa uani, anachambua mchicha. Mzee akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akaweka kile kitambaa chini katikati yao.

"Mama Oliva, nilitaka kukuambia."

"Najua ni nini."

"Tangu Jumamosi."

"Tangu mwaka juzi," alisema mke wake, mikono bado kwenye mchicha. "Fulana zako nazifua mimi. Kila wiki kuna doa la kutu mahali palepale, la umbo lile lile. Nimelisugua kwa limau mpaka vidole vimechubuka. Ulidhani nadhani ni nini, funguo?"

Mzee Luvanda akashangaa. "Mbona hukuniuliza?"

"Bastola ningekuuliza nini? Nilikuwa nangoja uniambie kwamba unaogopa."

Hapo ndipo mzee alipolia, mtu mzima, miaka sitini na moja, mbele ya sinia la mchicha. Mama Oliva alifuta mikono kwenye khanga, akasogeza kigoda chake karibu. Hakumwambia anyamaze. Naye alikuwa amechoka, na alikuwa na yake ya kusema. "Jumamosi umeniua, Baba Oliva," alimwambia. "Mimi najua kwamba umeniua. Kilichokataa ni chuma." Mzee alisema ndiyo, ni kweli, na akaomba msamaha. Msamaha haukuja siku hiyo. Ulikuja baadaye, na kwa taabu.

Jumatatu iliyofuata walikwenda polisi pamoja, wakairudisha ile bastola na kibali chake.

Hofu haikuondoka. Hadithi ingekuwa nzuri zaidi kama ningesema iliondoka, lakini sivyo nilivyoipokea. Mpaka leo zipo siku ambazo gari likisimama nje, mzee huyo anabadilika rangi. Ila sasa husema, "Mama Oliva, leo naogopa." Na mke wake huacha anachokifanya, huja kuketi naye mpaka ipite.

Funzo: Hofu unayowaficha wanaokupenda haikulindi wewe wala wao; mwambie mtu wako wa karibu kwamba unaogopa, kabla hofu hiyo haijamnyooshea yeye mkono.