Uji wa Sungura

Krr, krr, krr. Sauti hiyo ndogo ilitoka pembeni mwa jiko, gizani, kabla ya adhana ya alfajiri. Shamima alidhani ni panya anatafuna kikapu cha mchele. Akashika kipande cha kuni, akanyata, akawasha tochi ya simu. Hapakuwa na panya. Ndani ya tenga alikuwamo Kitumbua, sungura wa mwanawe, amejikunyata kama kifundo cha uzi, macho nusu yamefumba, anasaga meno. Majani aliyowekewa jana yalikuwa vilevile. Sakafu ya tenga ilikuwa safi, hata punje moja ya choo haikuwapo. Na tumbo la sungura lililoziba ni kama mfereji ulioziba masika, gharika haiko mbali.

Kitumbua hakuwa mnyama tu katika nyumba ile. Suhaib, mumewe, alipokwenda Unguja kwenye kazi ya ujenzi, alimkabidhi sungura huyo binti yao Mardhiya, akamwambia, "Huyu ni amana yangu kwako mpaka nirudi." Mtoto wa miaka saba hajui amana ndogo na amana kubwa. Tangu siku ile alimtunza Kitumbua kama mboni ya jicho lake.

Kumbe mapenzi hayo hayo ndiyo yaliyomponza. Idi ilikuwa imepita juzi tu. Watoto wa mtaa walipomaliza kuzunguka nyumba kwa nyumba kutaka mkono wa Idi, walikata shauri kuwa Kitumbua naye ni mtoto wa hapo hapo kijijini Mtambile, ana haki yake. Huyu akamletea visheti, yule kipande cha halua, mwengine mkate wa ufuta. Kitumbua hakumvunja mtu moyo, alivila vyote.

"Mama, atakufa?" Mardhiya alikuwa amesimama mlangoni, anaburura kanga. "Baba akirudi nitamwambia nini?"

"Hafi, inshallah," Shamima alisema.

Kulipopambazuka akampigia simu Nassor, bwana mifugo aliyewahi kuja kwenye darasa la jioni la kina mama, Shamima akiwamo, kuwafundisha ufugaji wa kuku. Akamweleza yote, hata habari ya visheti.

"Mguse tumbo," Nassor alisema. "Gumu kama ngoma?"

"La. Laini, lakini kimya. Halisikiki hata kunguruma."

"Basi bado tuna nafasi. Likiwa gumu, usingoje, mlete mbio. Sasa tafuta majani makavu, yatwange, yachekeche, yaloweke kwa maji ya uvuguvugu. Mnyweshe kwa bomba la sindano, bila ya sindano yenyewe, pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo. Msugue tumbo, mtembeze. Na hivyo visheti, bibi we, kuleni wenyewe!"

Majani makavu, masika yale! Kila kitu kilikuwa chapachapa. Shamima akatoka uani, akaingia ndani, akatoka tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndipo Mardhiya alipokumbuka kuwa Bi Rumaitha, jirani yao, hufunga miganda ya ukoka na kuining'iniza jikoni kwake, ya kutandikia kuku wanaoatamia. Akachomoka kama mshale.

Bi Rumaitha alikuwa bibi mwenye kujistahi. Ukoo wake ulikuwa na mashamba ya mikarafuu enzi hizo. Sasa watoto wake wote wako ng'ambo, naye amebaki na kuku, paka mmoja na kikohozi kilichomganda tangu mvua zianze. Kila asubuhi Shamima humwita ng'ambo ya ua, "Bi Rumaitha, nikuletee chochote?" Na kila asubuhi hujibiwa, "La, mwanangu. Nimeshakula, alhamdulillahi." Basi Shamima, kwa adabu, hurudi kwenye shughuli zake.

Mardhiya alirudi anahema, mganda kifuani. "Bi Rumaitha kasema chukua wote. Mama, na paka wake kalala mekoni, juu ya majivu!"

"Lete kinu," Shamima alisema. Maneno ya mtoto yalimpita kama upepo. Masikio yake yote yalikuwa kwenye tenga.

Akatwanga, akachekecha, akaloweka. Ukatoka uji wa kijani, mwepesi. Lakini alipolisogeza bomba, Kitumbua aligeuza uso. Shamima akarudisha mkono.

"Kunywa, baba. Tone moja tu. Hutaki? Haya, pumzika kwanza."

Akajaribu tena, sungura akageuka tena.

"Hataki, mama! Usimlazimishe!" Mardhiya alilia.

Ikawa ndiyo kazi: kubembeleza, kukataliwa, kungoja. Jua likapanda. Kule kusaga meno hakukukoma, na Shamima alipomshika masikio, aliyakuta yamepoa.

Kikohozi kikasikika uani. Bi Rumaitha alikuwa ameegemea nguzo ya ua, ushungi kichwani.

"Shamima we! Unamtibu au unamposa? Tangu asubuhi nasikia 'hutaki, hutaki'. Mgonjwa haulizwi uji, mwanangu. Mgonjwa hupewa."

Shamima akakaza moyo. Akamfunga Kitumbua kwa kanga mpaka kikabaki kichwa, akalipenyeza bomba pembeni mwa mdomo, akadondosha tone. Sungura akapiga teke ndani ya kanga. Kisha akatafuna. Tone jingine, akatafuna. Akamtandikia jamvi la kuanikia karafuu, akamsugua tumbo, akamtembeza, akamnywesha tena. Adhuhuri ikapita. Laasiri ikaingia. Shamima hakukumbuka hata kuvua kaniki aliyojifunga tangu alfajiri.

"Choo! Mama, choo!"

Juu ya jamvi palikuwa na kipunje kimoja cheusi, kidogo kama pilipili manga. Kikafuata cha pili. Mardhiya aliruka na kupiga vigelegele hata wanaume waliotoka msikitini wakageuka.

"Leo nimeona mengi," Bi Rumaitha alicheka kutoka kwenye ua wake. "Watu kushangilia choo cha sungura!" Kicheko kikageuka kikohozi. Akaikumbatia nguzo, na bangili yake ikateleza kutoka kifundo cha mkono hadi kiwikoni.

Shamima aliitazama ile bangili. Ndipo maneno ya mwanawe yalipomrudia: paka kalala mekoni. Panapowashwa moto, paka hapati pa kulala. Siku zote hizo alikuwa akiuliza, akajibiwa, akaridhika.

Aliwasha moto, akapika uji wa mchele kwa tui la nazi, akautia tangawizi, akaumimina bakulini na kuufunika kawa. Mardhiya akalibeba bakuli kwa mikono miwili, akashika njia. Hata hapo ile adabu ya mazoea ikamponyoka Shamima mdomoni:

"Mardhiya! Muulize kwanza kama atataka!"

Mtoto hakusimama. Aliusukuma mlango wa ua wa Bi Rumaitha kwa goti, akajibu kwa sauti iliyosikika nyumba zote mbili:

"Mama, mgonjwa haulizwi uji."